Katuni Haisomwi Peke Yake

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu katika siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani)



Katibu wa Chama aliponiandikia aliniomba nizungumzie faida ya kusoma. Nilikubali, halafu nikaona kwamba kuhusu kusoma vitabu mmekwisha kuambiwa mengi na watu wanaojua kunishinda. Kwa hiyo nimeamua kuzungumzia kusoma kwa aina ile ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha, yaani kusoma katuni za magazetini. Tena si kuzisoma tu, bali kuzisoma pamoja na wenzetu na kuzijadili. Naona baadhi yenu mnacheka. Chekeni, maana hiyo ndiyo kazi ya katuni. Lakini kabla sijakaa chini nitaungama kosa moja, na pengine hapo kicheko kitapungua.

Niliingia shule hii mwaka 1995. Wakati huo gazeti lilitufikia likiwa limekwisha kuzeeka. Lilikuja na gari la shule lililokwenda mjini kuchukua vyakula, mara mbili kwa juma, likiwa na habari za siku tatu au nne zilizopita. Nakala ilikuwa moja, nasi tulikuwa zaidi ya mia nne. Liliwekwa juu ya meza ndefu ya maktaba baada ya usafi wa jioni. Kaka zetu wa kidato cha nne walishika kurasa za mpira na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Sisi wadogo tuliachiwa ukurasa wa katuni.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Aliyekaa mbele alisoma maneno kwa sauti. Aliyekuwa kando yake aliwaeleza picha walio nyuma, ambao hawakuona kitu ila visogo vya wenzao. Kisha ubishi ulianza. Tuliondoka nao maktaba, tukaenda nao bwaloni mbele ya ugali na maharage, tukalala nao bwenini mpaka kiranja alipozima taa na kututishia.

Msidhani kwamba sisi tulikuwa wa kwanza. Wazee waliomo humu wanamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Wale waliosoma miaka ya 1980 wanalikumbuka jarida la Sani, lenye akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Wahusika hao walichorwa na kijana Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, na wachoraji wengine wakaendelea kuwachora. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Watu hawa wa karatasi walijulikana na wengi kuliko wakubwa wengi wenye nyama na mifupa. Walijulikana kwa sababu nakala moja ilisomwa na nyumba nzima, halafu ikavuka kwa jirani, halafu ikafika kwa kinyozi, na kila mahali ilipofika ilizungumzwa.

Sasa nije kwenye kisa changu. Mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili, ilitoka katuni moja ya picha nne. Katika picha ya kwanza mzee mmoja amesimama mbele ya meza ya karani, ana karatasi mkononi inayotaka sahihi. Karani anamwambia, "Njoo kesho." Katika picha ya pili mzee yupo palepale, naye karani anasema vilevile. Ya tatu ni hivyo hivyo. Katika picha ya nne hakuna neno hata moja. Mzee amekuja na mkeka, sufuria na mafiga matatu, anapika mlangoni pa ofisi, naye karani anamruka ili apite.

Tulicheka sana. Halafu mmoja wetu akasema kwamba mzee yule ni mjinga, angetoa chochote akapata sahihi yake. Mwingine, ambaye baba yake alikuwa karani, akakasirika akasema kwamba karani anasingiziwa. Wa tatu, kijana aliyetoka kijiji cha mbali, akasema yeye haoni kinachochekesha, kwa kuwa mama yake aliwahi kulala siku mbili nje ya ofisi akifuatilia karatasi ya namna hiyo. Tukanyamaza kidogo. Ndipo mwenzetu mmoja mpole, aliyekuwa msaidizi wa maktaba, akaweka kidole juu ya gazeti akasema, "Tazameni nyuma ya karani. Kile kiti kikubwa ni kitupu katika picha zote nne."

Ndugu zangu, hakuna kati yetu aliyekuwa amekiona kile kiti. Mchoraji hakuandika neno lolote juu yake. Mwenye kutia sahihi hakuwapo, na karani alikuwa amewekwa pale aseme "kesho" kwa niaba ya mtu asiyekuwapo. Katuni tuliyodhani kwamba tumekwisha kuimaliza ikaanza upya. Usiku ule bweni lilibishana kama ni kosa la karani, kama ni kosa la mwenye kiti, au kama ni kosa la wale wote waliompita mzee mlangoni bila kuuliza.

Kosa langu linaanzia hapa. Niliipenda sana ile katuni, nikataka iwe yangu. Siku ya pili, watu walipokuwa uwanjani, niliingia maktaba na wembe nikaikata, nikaificha chini ya nguo katika tranka langu. Wenzangu waliporudi jioni kuendelea na mjadala walikuta tundu katika ukurasa. Tena upande wa pili wa ukurasa palikuwa na msimamo wa ligi, kwa hiyo kaka zetu wa kidato cha nne nao walipata nusu ya timu. Mnaweza kufikiri makelele yaliyotokea! Mwalimu wa zamu aliuliza nani alikuwa na funguo. Alikuwa nazo yule msaidizi wa maktaba, yule aliyetuonyesha kiti. Alisimamishwa mbele ya paredi, akafyeka nyasi juma zima, na akanyang'anywa funguo. Mimi nilikuwa nimesimama mstari wa tatu, nikanyamaza.

Nikawa na katuni yangu. Usiku niliitoa nikaitazama kwa tochi chini ya blanketi. Kwa kweli haikunichekesha tena. Nilijaribu siku nyingi. Sikuweza kumwonyesha mtu, maana ningejitoa mwenyewe. Sikuweza kumwuliza mtu, "Na hiki nacho umekiona?" Kitu kilichokuwa na maneno ya bweni zima kilikuwa sasa kipande cha karatasi. Nilichokiiba kilikuwa wino tu. Katuni yenyewe ilikuwa imebaki kule mezani, kati ya watu, nami nilikuwa nimeiua.

Baadaye, nilipokuwa chuo kikuu, nilisoma mambo mawili yaliyonithibitishia jambo hili. La kwanza lilitokea New York, Julai 1945. Wasambazaji wa magazeti waligoma kwa siku 17, watu wakakosa magazeti yao. Meya wa mji huo, Fiorello La Guardia, alikwenda kwenye redio ya mji siku ya Jumapili akawasomea watoto katuni, akieleza picha na kuigiza sauti. Meya wa mji mkubwa kama ule, wakati vita ya dunia haijaisha, aliona kwamba kusomeana katuni si upuuzi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule aliyekaa kando ya msomaji wetu, akiwaeleza picha walio nyuma.

La pili ni la mwaka 1968. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili mwaka huo. Katika mwezi huohuo mwalimu mmoja wa Los Angeles, Harriet Glickman, alimwandikia Charles Schulz, mchoraji wa katuni ya Peanuts, akamwomba aweke mtoto mweusi miongoni mwa watoto wake. Schulz alijibu kwamba angependa, ila anaogopa kuonekana kama mtu anayewahurumia watu weusi kutoka juu. Mwalimu yule hakukata tamaa. Aliomba ruhusa ya kuwaonyesha rafiki zake weusi barua ile, nao wakamwandikia Schulz mawazo yao. Tarehe 31 Julai 1968 mtoto aitwaye Franklin akatokea katika katuni. Kwa hiyo mazungumzo ya wasomaji yanaweza hata kuuongoza mkono wa mchoraji. Lakini lazima yawe mazungumzo, yaani mtu aseme anaona nini, mwenzake amjibu, na wote wawili wawe tayari kujifunza.

Mimi niliajiriwa serikalini mwaka 2006. Hatimaye, kama mnavyoweza kukisia, nilipewa kile kiti. Siku moja nilirudi kutoka safari ya kikazi ya siku tisa nikamkuta mama mmoja kwenye benchi la ofisi, amelalia mfuko wake. Karani akaniambia kwamba alikuja juma lililopita akaambiwa arudi kesho. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Nilijiona katika picha ya nne, ingawa mimi sikuchorwa. Tangu siku hiyo tuliweka utaratibu kwamba mwenye kutia sahihi hasafiri mpaka amwache kwa maandishi mtu wa kukaimu. Ni jambo dogo, na kanuni zilikwisha kulisema zamani. Lakini kanuni nilikuwa nimezisoma peke yangu, na kiti nilionyeshwa na mwenzangu.

Ninyi vijana mnaishi katika wakati mwingine. Shuleni hamruhusiwi kuwa na simu, lakini likizo mnazo, na katuni zinawafikia kwa simu saa ileile zinapotoka. Hilo ni jema. Ila nawaomba mtazame tunavyofanya sisi wakubwa. Mmoja wetu hutuma katuni kwa wenzake thelathini wa darasa letu. Thelathini wanajibu kwa kile kiuso kinachocheka machozi. Hakuna anayesema ameona nini. Kila mmoja ana katuni yake katika tranka lake.

Kwa hiyo nawaachia mambo matatu. Kwanza, msicheke na kufunua ukurasa. Tazameni tena, hasa pale pasipoandikwa neno. Pili, mwulizeni yule asiyecheka. Pengine yeye ndiye aliyelala mlangoni pa ofisi, na katuni inamhusu kuliko ninyi. Tatu, anayesema mchoraji amekosea msimnyamazishe. Mchoraji naye ni mtu, anaweza kuonea watu. Yule mwana wa karani alikuwa na haki ya kusikilizwa, na bila hasira yake pengine tusingetazama nyuma ya meza.

Tena hatukuja mikono mitupu. Darasa letu limekubaliana kuilipia shule nakala mbili za gazeti kila siku kwa mwaka mmoja. Nakala moja ibaki nzima maktaba, msimamo wa ligi ukiwamo. Ya pili ikatwe katuni, kwa ruhusa na kwa mkasi, ibandikwe kwenye ubao nje ya bwalo, na chini yake iwekwe karatasi tupu ili kila mtu aandike alichokiona. Ndugu Mkuu wa Shule amekubali.

Namalizia kwa lile kosa. Yule msaidizi wa maktaba yumo humu ukumbini. Sitamtaja, hapendi kutajwa. Jana usiku, baada ya miaka ishirini na tisa, nilimwita kando nikamwambia kwamba ni mimi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lolote. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kufyeka nilikwisha kusahau. Funguo ziliniuma." Sikuwa na la kujibu ila kumwomba radhi, nikamwomba. Kisha akauliza, "Na katuni iko wapi?"

Nilikuwa nayo, imegeuka rangi ya chai. Tukaketi chini ya taa ya bweni letu la zamani, wazee wawili wa miaka arobaini na kitu, tukaisoma kwa sauti tangu mwanzo. Akaniambia, "Tazama miguu ya mzee." Katika picha ya kwanza mzee amevaa viatu. Katika ya pili na ya tatu viatu vimechanika. Katika ya nne yuko pekupeku. Nilikuwa nimeitunza karatasi ile miaka yote hiyo, na viatu sikuviona.

Leo nimeikabidhi kwa Mkuu wa Shule. Itakuwa ya kwanza kubandikwa kwenye ubao. Nendeni mkaitazame, mwandike mlichokiona, kwa maana naamini bado kuna kitu ambacho sisi wawili hatujakiona.