Sinema za Visiwa: Tumtafute Mwenye Moshi

Hotuba kwa wanachama wa tawi kabla ya kuonyeshwa sinema



Usiku huu tutaonyeshwa sinema ya visiwa vya Pasifiki. Naomba niseme machache kwanza, maana liko jambo ambalo macho peke yake hayataliona.

Sinema nyingi za namna hii hufanana. Maji yameingia kijijini, mnazi umeanguka, mtoto anatazama bahari, na muziki wa huzuni unasikika. Maji hayo si uongo. Bahari inapanda kwa sababu dunia inapata joto, na joto hilo linatokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Lakini mara nyingi tunaonyeshwa maji, hatuonyeshwi moshi wala mwenye moshi. Aliyeibiwa tunamwona akilia, mwizi hatajwi.

Historia nayo huachwa. Chukueni Kiribati, iliyopata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1979. Katika kisiwa chake cha Banaba fosfeti ilichimbwa tangu 1900 hadi 1979, ikapelekwa kurutubisha mashamba ya Australia na New Zealand. Mwaka 1945 wenyeji walihamishiwa kisiwa cha Rabi, Fiji. Basi mtu akisema kwamba watu wa huko wataanza kuhama kwa sababu ya bahari, mwambieni walikwisha kuhamishwa zamani, wala si bahari iliyowahamisha.

Ndugu zangu, sisemi sinema zote ni mbaya. "Sun Come Up" inawaonyesha watu wa visiwa vya Carteret, Papua New Guinea, wakienda wenyewe Bougainville kuomba ardhi. "The Island President" ya mwaka 2011 inamfuata Mohamed Nasheed, aliyekuwa Rais wa Maldives, hadi mkutano wa Copenhagen wa mwaka 2009. Humo tunamwona mtu wa kisiwani akibishana na wakubwa, hangoji huruma.

Wapo pia walioishika kamera wenyewe. Mwaka 2021 Simon Kofe, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Tuvalu, aliuhutubia mkutano wa Glasgow kwa picha iliyopigwa kwao, amesimama baharini, suruali imekunjwa, maji magotini. Ni maji yale yale, lakini safari hii mwenye kisiwa ndiye aliyechagua maneno.

Na maneno yana nguvu. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Pasifiki walianzisha dai; Vanuatu ikalibeba mpaka Umoja wa Mataifa. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi, na kwamba anayeuvunja aweza kudaiwa fidia. Mwenye kuonewa huruma hupewa blanketi. Mwenye haki hulipwa deni lake. Sinema inayotufundisha huruma tu inatuficha deni.

Kwa hiyo tazameni huku mkijiuliza: Nani anasema, mwenyeji au mgeni? Moshi umetajwa ni wa nani? Wenyeji wanataka nini? Baada ya sinema tutajadiliana, na wavuvi wetu waanze, kwani bahari wanaijua.