Karafuu za Bigwa na daftari la biashara

Mtaala mpya wa sekondari umeipa elimu ya biashara nafasi kubwa. Vizuri, ingawa wazo la shule kufundisha kwa vitendo si jipya: Mwalimu Nyerere alikwisha kusema shule ziwe na mashamba tangu waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, 1967. Hofu yangu, msikilizaji, ni watoto kukariri maana ya mtaji, wakapata alama, basi. Somo lenyewe liko pale Bigwa, ambako barabara ya Kisaki inashusha ndizi, karafuu na pilipili manga za milima ya Uluguru kuja Morogoro mjini. Mkulima ameuza kwa bei gani? Nauli imekula kiasi gani? Mchuuzi wa Soko la Chifu Kingalu anabaki na nini jioni, mafungu ya ndizi yakianza kuharibika? Walimu, wapelekeni wanafunzi wakaulize, daftari mkononi.