Mawe Mawili Katika Duka Moja

Masomo: Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Luka 19:1-10

 

Sisi tunaosema nanyi asubuhi hii si wahubiri. Ni watoto wa nyumba moja hapa Mabanga, na kazi yetu ni kuuza nyama. Mchungaji alituomba tulete ushuhuda huu, tukakataa mara mbili. Mara ya tatu Papa akasema: "Wale tuliowapunja hawasali wote pamoja nasi. Redio inafika mahali miguu yetu haifiki." Ndiyo maana tumekuja.

Busheri yetu ni chumba kimoja cha mbao juu ya msingi wa makoro. Ndani mna kulabu, gogo la kukatia, shoka, na mizani ya sahani mbili. Asubuhi mapema mmoja wetu anaenda machinjioni, anangoja daktari wa mifugo apige muhuri, halafu nyama inapanda pikipiki kuja dukani. Friji hatuna. Kinachoingia asubuhi kinapaswa kiishe kabla ya usiku, na kisipoisha hasara ni yetu. Mama anakaa mlangoni na beseni la utumbo na makongoro. Wateja wake ni wengi kuliko wetu wa ndani, maana nyama ya mfupa mzima si ya kila nyumba.

Mizani ile ina historia. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka na moto ukashuka mpaka katikati ya mji, watu walikimbia na magodoro, na sufuria, na mbuzi. Papa alikimbia na mizani kichwani, mawe yake yakiwa katika mfuko wa Mama. Tulivuka hivyo mpaka Gisenyi. Wengine walituchekea njiani. Lakini tuliporudi na kukuta mji umefunikwa na jiwe jeusi, mizani ile ndiyo iliyotulisha. Kwetu ilikuwa karibu kama Biblia ya nyumba. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuichezea.

Sasa mtusikilize vizuri. Musa aliwakataza Waisraeli kuwa na mawe mawili mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Katika Kiebrania neno la kitu cha kupimia ni lile lile la jiwe, kama sisi tunavyosema mawe ya mizani. Na sisi tunaishi mahali ambapo kwa Kilingala mabanga ni mawe, katika mji ambao ukichimba shimo la choo unapiga jiwe, na ua wa jirani ni mawe. Tulisoma andiko lile mara nyingi kanisani tukafikiri ni habari ya watu wa zamani.

Vita ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, mnajua yaliyofuata. Benki zilifungwa. Mtu mwenye mshahara na mtu asiye na mshahara wakawa sawa, wote mikono mitupu. Wateja walianza kusema: "Andika." Tukaandika. Daftari la kwanza likajaa, tukanunua la pili. Papa alikuwa mgonjwa nyumbani, macho yake yamepungua, na duka lilikuwa mikononi mwetu. Wenye ng'ombe hawakukubali kuandikiwa. Walitaka makuta mkononi.

Ni katika siku zile jiwe letu la kilo moja lilitobolewa. Mnaojua mawe haya ya chuma mnajua kwamba chini yana kishimo chenye risasi ndani, kinachoyafanya yawe na uzito kamili. Risasi ile ilitolewa, chuma kikachimbwa kidogo zaidi, na shimo likazibwa kwa sabuni iliyopakwa masizi. Tukanunua jiwe lingine, zima. Jiwe zima lilikuwa la wenye restorani, kwa sababu wana mizani zao na wanapima tena wakifika. Jiwe lililotobolewa lilikuwa la mama anayekuja na mfuko mdogo.

Mnataka kujua nani alilitoboa. Mkono ulikuwa wa mmoja wetu, lakini hatutamtaja, na si kwa kumficha tu. Wengine tuliona shimo lile siku ile ile. Tulikula jioni ile bila kusema kitu. Minervali ya watoto ililipwa kwa jiwe lile. Mwenye kuchimba na mwenye kunyamaza walikaa kwenye meza moja.

Mwezi wa nane Papa alipata nafuu, akaomba apelekwe dukani akae tu, asikie kelele za watu. Alikaa karibu na mizani. Akanyoosha mkono kama alivyozoea, akachukua jiwe, akalipima kiganjani. Akasema: "Jiwe hili limekonda." Hakuna aliyejibu. Akaligeuza, akaweka ukucha chini, sabuni ikatoka. Kulikuwa na wateja watatu pale. Papa hakupiga kelele. Alimwambia mdogo wetu afunge mlango na awarudishie watu makuta yao.

Tulipolipima upande mmoja na jiwe zima upande wa pili, tuliongeza vipande mpaka sahani zikalingana. Lilipungua gramu 80. Mtu atasema gramu 80 ni nini? Ni kipande cha mtoto mmoja. Na katika ng'ombe wa kilo 120 za nyama, inafika karibu kilo 10. Karibu kila ng'ombe aliyepita mikononi mwetu, kilo 10 zililipwa na watu ambao hawakuzila.

Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho wanunue nyama sokoni wasiulize-ulize. Kule shida ilikuwa nyama iliyotoka hekaluni mwa sanamu. Tulipenda andiko hilo, tulikuwa tunawatania wateja wenye maswali mengi. Lakini kama mnunuzi ameruhusiwa asiulize, basi kuuliza kumebaki kwa nani? Kumebaki kwa mwenye kisu.

Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya kanisa. Jumatatu tulifungua duka, jiwe lile tumeliweka juu ya gogo, shimo likitazama juu, na tukamwambia kila aliyeingia. Wengine walitukana, wana haki. Wengine hawakurudi tena. Mama mmoja mzee, wa avenue ya nyuma yetu, alituumiza kuliko wote. Alisema: "Wanangu, nilijua tangu mwezi wa tatu. Nilipima kwa jirani. Lakini jina langu lilikuwa kwenye daftari lenu, ningesema nini?"

Hapo tulielewa kwamba daftari na jiwe vilikuwa kitu kimoja. Tulijisifu kwamba tunakopesha watu wakati wa shida, kumbe deni lilikuwa limewafunga midomo.

Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Tulipiga hesabu, tukaona hatuwezi mara nne kwa siku moja. Duka lingekufa na tusimlipe mtu. Mambo tunayofanya ni haya. Madeni yote ya tangu mwezi wa pili mpaka wa nane tumeyapiga mstari, mwenye jina humo asitukimbie njiani. Na kila anayenunua, tunapima kwa jiwe zima, halafu tunaongeza kipande kinacholipa zile 80, na tutaendelea hivyo mpaka Papa atakaposema basi. Yule aliyechimba yuko nyumbani, haji dukani bado. Tunakula naye.

Wamebaki watu tusiowajua majina. Kabla kambi hazijavunjwa mwezi wa pili, walikuja kina mama waliokimbia Masisi na Rutshuru, wakinunua mifupa robo robo. Baadhi yao walipimiwa kwa jiwe lile katika siku zao za mwisho hapa, kisha wakaondoka. Kama uko Sake, au Kitshanga, au Kiwanja, na ulinunua nyama kwetu wakati ule, sehemu yako ipo. Ukipita Goma, njoo. Huhitaji karatasi wala shahidi. Ukituambia ni wewe, tutakupimia. Na kama huwezi kufika, mtume ndugu au jirani. Duka linafunguliwa saa moja asubuhi, isipokuwa Jumapili.