Trekta yetu ilipozama karibu na Mutambala

(Maneno ambayo mushofere wa trekta ya shirika letu alisema katika mukutano mukubwa wa wanamemba, Baraka. Tumeyaandika karibu sawa na alivyoyasema.)



Komite iliniomba niseme juu ya zile siku tatu ambazo trekta yetu ililala ndani ya matope mwezi wa kumi na moja. Watu wamesema mambo mingi. Wamoja wanasema trekta imezeeka. Wengine wanasema mushofere alikunywa. Hapana. Trekta iko muzima, na mimi sikukunywa. Nilikosa tu. Njo nimekuja kuwaambia namna nilikosa, namna tuliitosha, na kitu kimoja ninachoomba tukubaliane leo.

Munakumbuka maisha ya Lugufu na Nyarugusu. Tulikuwaka watu wa kupimiwa unga. Tulipoanza kuvuka ziwa kurudi huku, mwaka wa 2005 na miaka iliyofuata, wengi wetu tulikuta shamba la baba limekuwa pori. Njo maana siku trekta ilifika, bamama waliimba. Mutu aliyengojea shamba lake miaka kumi hapendi kusikia neno "ngojea kesho". Na mimi sipendi kumwambia. Kosa langu lilianzia pale.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubui, mama mumoja mujane, memba wetu, alikuja kwangu na kusema: "Mutoto wangu, mbegu ya mupunga nimeshaloweka. Imeanza kutoa mizizi. Itangojea mpaka lini?" Alisema kweli. Mupunga ukishaota ndani ya gunia, hauwezi kungojea siku nyingi. Tena, ndani ya mufuko wangu kulikuwa karatasi ya programu: juma ile nilipaswa kumaliza mashamba ya watu kumi na mumoja, kwa sababu raporti ilikuwa inangojewa. Niliona maji yamesimama shambani. Miguu yangu iliniambia hapana. Lakini nilisikiliza mbegu na karatasi, nikaingia.

Katikati ya shamba, trekta ikapunguza mwendo. Matairi ya nyuma yakazunguka, lakini sisi tuko palepale. Pale njo ningesimama. Tairi ya trekta ina meno. Meno yakijaa udongo, tairi inakuwa kama chupa, haishiki kitu. Kila muzunguko inachimba shimo lake yenyewe. Mimi niliongeza mazutu. Nikaongeza tena. Kwa dakika mbili tumbo la trekta likakaa juu ya udongo, na matairi yakabakia yananing'inia ndani ya potopoto. Niliizamisha mimi mwenyewe.

Watu wakakimbia kuja kusaidia, kama desturi yetu. Hiyo ni kitu kizuri, lakini ile siku karibu ituletee kilio. Kwanza walifunga kamba ya nailoni, wakavuta watu zaidi ya makumi mbili. Kamba ya nailoni inanyooka kama mupira, inaficha nguvu ndani. Ilipokatika, ncha yake ilipita juu ya kichwa cha mutoto mumoja. Mungu alimulinda.

Kisha mutu akasema tufunge muti mukubwa na cheni mbele ya matairi mbili ya nyuma, kusudi yakizunguka yapande juu ya muti. Wengi munajua hiyo namna. Ndugu zangu, tuiache. Nilipoachia ambreyaji, muti ukabanwa chini, matairi hayakuweza kuzunguka tena. Lakini moteri inaendelea kusukuma. Kama tairi haizunguki, basi trekta yenyewe njo inazunguka: pua inapanda juu na mushofere anaangukia nyuma, chini ya chuma. Pua ilipanda karibu mita moja. Nilikanyaga ambreyaji na ikaanguka chini. Kama ningechelewa kidogo tu, kufikia sekunde mbili, leo mungekuwa munasikiliza mutu mwingine, na bibi yangu angekuwa amevaa nguo nyeusi.

Nilizima moteri. Nikaomba watu wote waende nyumbani. Wamoja walikasirika.

Siku ya pili tulirudi watu kumi na mbili tu, na majembe, mabeleshi na panga. Sikuwasha moteri siku nzima. Musikilize mupango tuliofuata, kwa maana siku moja itamupata shofere mwingine.

Kwanza, maji. Tulichimba mufereji kutoka kwenye trekta mpaka kwenye bonde dogo, maji yakaondoka. Kuchimba ndani ya maji ni kujichokesha bure.

Pili, jembe la trekta. Lilikuwa limezama nyuma na linashika kama nanga. Tulitosha pini zake, tukalivuta pembeni juu ya miti ya mviringo.

Tatu, tumbo. Tulitosha udongo wote chini ya trekta mpaka mukono ukapita huku na huku. Kama tumbo limelala chini, matairi hayana uzito wa kushika, hata moteri iwe na nguvu gani.

Ine, njia. Hatukuchimba mbele, tulichimba nyuma. Mbele hatujui kuko namna gani, lakini nyuma udongo ulishatubeba wakati wa kuingia. Nyuma ya kila tairi tulifanya muteremko murefu, wala si ukuta wa kupanda. Tukasafisha meno ya tairi na panga. Tukatandika mawe ya mutoni, na juu yake matawi, yamelala kwa kukata njia.

Tukaacha usiku upite, udongo ukauke kidogo. Siku ya tatu niliwasha. Watu wote nilisimamisha mbali, pembeni, hakuna hata mumoja nyuma wala mbele. Nilinyoosha usukani, nikafunga difu kusudi matairi mbili ya nyuma yazunguke pamoja, nikaweka vitesi ya chini ya kurudi nyuma, moteri polepole. Trekta ikirudi nyuma, nguvu inasukuma pua chini, haiwezi kupanda namna ile ya kwanza. Ilitikisika, ikashika mawe, ikatoka. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Kazi yenyewe ilikuwa imemalizwa jana, na mabeleshi.

Wazee wanasema haraka haraka haina baraka. Siye tunaoishi hapa Baraka tungekuwa wa kwanza kulijua.

Sasa, hasara. Watu kumi walingojea siku tatu. Mbegu ya yule mama iliharibika karibu yote. Kile kidogo alichopanda, alilima kwa jembe la mukono, yeye na wajukuu wake. Hakunisema vibaya hata mara moja, na hiyo njo inaniuma zaidi.

Kwa hiyo ninaomba vitu vitatu. Cha kwanza, shirika limurudishie yule mama mbegu yake mbele ya musimu unaokuja. Mimi nitaanza na posho yangu ya mwezi moja. Cha pili, tununue cheni ya nguvu, mabeleshi mane na mbao mbili nzito, vikae pamoja na trekta kila siku. Haviombi makuta mingi.

Cha tatu njo kikubwa. Shofere anapofika shambani, ashuke, atembee kwa miguu. Kama kisigino kinazama na shimo linajaa maji, trekta haiingii. Na shofere akisema hapana, iwe hapana, hata kama prezida mwenyewe eko pale, hata kama raporti inangojewa. Ninyi marafiki munaotupatia mazutu, ninawaomba kwa heshima: juma ya mvua kubwa, musituulize ni hektari ngapi. Muulize kama trekta ililala nyumbani kwake na kama watu wote wako wazima. Na siye wanamemba, tusiloweke mbegu mbele ya kulima. Shamba kwanza, mbegu nyuma.

Nilikuwa na woga wa kumwambia mama mumoja neno "ngojea". Sasa ninajua kwamba kumwambia lingemufaa kuliko nilivyomufanyia.

Bwana prezida, ninaomba watu wapige kura juu ya kile cha tatu leo, mbele hatujaachana.