Kupiga Picha za Farasi: Maneno kwa Anayeanza

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipopata barua kwamba Chama cha Picha kinataka nizungumze, nilidhani mnataka habari za kazi ya serikali. Nimefurahi kwamba sivyo. Mafaili hayana masikio wala mkia, na mambo yake mtayakuta mkikua. Mmeniuliza: mtu asiyejua kitu aanzeje kupiga picha za farasi? Nitaanza na kosa nililolifanya.

Mwaka 2012 nilinunua kamera ya mtumba, nikawa nakwenda kwenye mashindano katika uwanja wa farasi wa Ngong Road, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, tena nilikuwa nimekisoma kijitabu cha kamera mara mbili, basi nikajiona fundi. Siku moja, katika banda la farasi la mtu binafsi nje ya mji, saisi mmoja, mzee mpole, aliniruhusu nimpige picha farasi jike aliyekuwa akimsugua kwa brashi. Ndani mlikuwa na giza. Kamera nayo ikaliona giza, ikawasha taa yake yenyewe. Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma, na aliposhuka, kwato ikatua juu ya mguu wa mzee. Vidole viwili vikavunjika.

Mzee alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku. Mimi Jumatatu nilikuwa ofisini, mshahara unaendelea. Yeye alikaa nyumbani wiki sita. Nilimlipia hospitali na zile siku zake zote, na nilipompelekea fedha za mwisho nilitarajia anifukuze. Akaniuliza, "Kijana, siku ile ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa natazama kamera, Mzee."

"Basi njoo nikuonyeshe masikio."

Kwa miezi mitatu hakuniruhusu kuinua kamera kabla sijamwambia masikio ya farasi yakoje. Yakielekea mbele, farasi ana hamu ya kujua jambo, na hapo ndipo uso wake unapopendeza pichani. Yakilala nyuma kabisa juu ya shingo, ana hasira. Ondoka, picha haipo. Macho yake yako pande mbili za kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa mahali pawili: nyuma ya mkia wake, na mbele kabisa, chini ya pua. Usimjie kwa huko. Mjie kwa upande wa bega, ukisema naye polepole.

Sasa kamera. Anayeanza husogea karibu mno, halafu hushangaa farasi ana kichwa kama pipa na makalio kama ya mbuzi. Rudi nyuma hatua kumi na tano, tumia lenzi ya milimita 135 au 200, na uchutame mpaka kamera iwe sawa na mbavu zake. Mwombe saisi ampange miguu ili yote minne ionekane. Jua zuri ni la asubuhi kabla ya saa tatu, au la jioni. La saa sita humjaza vivuli usoni. Tena kamera hudhani kila kitu duniani ni cha kijivu: farasi mweusi humfanya wa majivu, na mweupe vilevile. Kwa mweusi punguza mwanga, kwa mweupe ongeza.

Farasi akienda shoti, weka 1/1000 ya sekunde. Ukitaka mwili wake uonekane wazi na nyasi zigeuke mistari, weka 1/60, ugeuke naye kwa kiuno huku unabonyeza. Mimi picha zangu mia za kwanza za namna hiyo zilikuwa mia za kutupwa.

Lakini ubonyeze lini? Kwa miaka mingi wachoraji walimchora farasi wa mbio amejinyoosha hewani, miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera kando ya njia, zikafyatuka moja baada ya moja farasi alipopita. Ikaonekana kwamba ni kweli miguu yote minne huacha ardhi, ila ni wakati imekunjwa chini ya tumbo. Nilipomsimulia mzee habari hii, niliyoiona kubwa sana, alicheka. "Wangesikiliza," akasema. "Kwato hulia mara nne, halafu kimya. Kwenye kimya ndiko aliko hewani." Tangu siku hiyo nabonyeza kwa sikio, kwenye pigo la nne.

Najua hapa shuleni hamna farasi. Punda je? Hao wanaopita langoni na mitungi ya maji ni jamaa ya farasi, na masikio yao husomeka hata kutoka ng'ambo ya barabara. Mwombeni ruhusa mwenye punda kwanza, maana yuko kazini.

Kamera yangu ile ya kwanza nimeiacha kwa mwalimu mlezi wa Chama cha Picha, pamoja na lenzi yake. Mtaona kipande cha plasta juu ya taa. Nilikibandika mwaka uleule, na naomba kisibanduliwe.