NANI ATANGULIE KUPATA MKOPO WA MAJI?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Wabera, Isiolo



Wengine mmeuliza, watu wa reli wana shauri gani na maji ya Isiolo, na reli yenyewe yaishia Nanyuki? Jawabu ni kwamba nyumba zetu ziko hapa Wabera, na watoto wetu hunywa maji ya hapa. Tena reli na maji ni ndugu tangu zamani. Wazee waliofanya kazi katika magari ya moshi walituambia kwamba maji ya boila hayakutiwa ovyo. Maji ya chumvi hushika ndani ya chuma kama ukoko wa wali katika sufuria, moto unaliwa bure, na mwisho boila huharibika. Basi tumbo la injini lilipimiwa maji. Sisi twauliza tu, tumbo la mtoto je?

Leo twataka kueleza jinsi mikopo ya maji inavyopangwa, kwa maana wengi wetu twalipa deni tusilolijua.

Fedha za kujenga mitambo mikubwa kwa kawaida si za kampuni ya maji. Serikali Kuu hukopa nje, mathalani kwa Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika, Hazina hutia sahihi, kisha kazi hukabidhiwa wakala wa serikali wa kujenga mitambo ya maji. Kaunti haiwezi kukopa kwa hiari yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 212, yataka Serikali Kuu idhamini mkopo na bunge la kaunti likubali. Na deni lazima lilipwe. Hutazamiwa litoke katika bei ya maji, yaani mfukoni mwa mwenye mita.

Hapo ndipo foleni inapopinda. Mwenye fedha huuliza, mita ngapi zitaongezeka? Mradi wenye mita nyingi hupanda juu ya orodha. Lakini kazi ya kupima maji, kuyatia dawa, au kuchukua maji machafu yasiingie visimani, haiongezi mita hata moja. Wala haipendezi machoni. Tangi jipya lina utepe wa kukatwa. Nani amepata kupigwa picha na chupa ya maabara?

Na maji mabaya hayajitangazi. Yale ya chumvi twayajua, maana sabuni haitoi povu. Lakini floridi haina ladha wala rangi. Shirika la Afya Duniani lasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, nasi twajua kwamba nchi yetu ina visima virefu vingi vilivyopita kiasi hicho. Mzazi huja kujua meno ya mtoto yakisha kuwa ya kahawia, na hapo hakuna dawa ya kuyarudisha.

Turuhusuni tutoe mfano wa nyumbani. Baadhi yetu tulikuwa katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Mwenzetu mmoja aliomba mkopo amtibu mkewe, mwingine aliomba anunue pikipiki. Wa pikipiki ndiye aliyepewa kwanza, kwa kuwa mshahara wake ulikuwa mkubwa na wadhamini wake wengi. Kamati haikuvunja kanuni hata moja. Kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu: ilipima uwezo wa kulipa, haikupima haja. Tulibishana miezi kadhaa, na wengine walinuniana mpaka leo, lakini tukaandika nyingine: ugonjwa kwanza, ada ya shule pili, mengineyo baadaye, na orodha ibandikwe ukutani.

Msidhani hayo ni mawazo ya watu wa Wabera tu. Huko Marekani, tangu 1987, majimbo yana mifuko ya mzunguko ya kusafisha maji machafu. Washington hutoa fedha, jimbo huongeza sehemu yake, na mji ukilipa deni, mwingine hukopeshwa zile zile, kama chama cha kina mama. Mwaka 1996 uliwekwa mfuko kama huo wa maji ya kunywa, na sheria ikataja nani atangulie: mradi unaoondoa hatari kubwa zaidi kwa afya, mradi wa kutimiza sheria ya usafi wa maji, na watu ambao nyumba zao zimelemewa zaidi na gharama. Orodha hutangazwa na wananchi hupewa nafasi ya kusema. Hatusemi kwamba huko ni peponi. Mji wa Flint ulibadilisha chanzo cha maji mwaka 2014 ili kuokoa fedha, na madini ya risasi yakatoka katika mabomba yakaingia katika maji ya watu. Lakini kanuni iliyoandikwa, mtu aweza kuidai.

Hapa kwetu pia maandishi yapo. Kifungu cha 43 cha Katiba chatupa haki ya maji safi na salama, tena ya kutosha. Kifungu cha 204 kiliweka Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma. Na Isiolo ilitajwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza. Sheria ya Maji ya 2016 nayo iliweka mfuko wa ruzuku kwa mahali ambapo biashara ya maji haiwezi kujilipa. Basi mtaa usioweza kulipa usiwekwe mkiani mwa foleni ya mkopo ungoje. Upelekwe kwenye ruzuku.

Ombi letu kwa kaunti na kwa kampuni ya maji ni dogo. Orodha ya miradi ibandikwe sokoni, na kando ya kila mradi iandikwe sababu ya kuwekwa hapo ulipo, na matokeo ya kupima maji ya mahali hapo.

Tusingoje bajeti ya Juni, wakati huo chungu kimekwisha kuiva. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na karatasi ya mwelekeo wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari. Twataka wajumbe wawili wa kuhudhuria vikao vya wananchi kabla ya tarehe hizo, na mmoja awe mama, kwa kuwa ndio wabebao mitungi. Karatasi ya majina inapita sasa. Asiyejua kuandika amwambie jirani yake.