Muulize Saa, Usimuulize Kilo: Ulaji wa Miraa na Muguka na Njia za Kupunguza Madhara



Nianze na neno moja linalotupoteza: kilo. Muuzaji wa miraa akitaja kilo hazungumzii uzito wa mizani. Anazungumzia fungu lililofungwa kwa mkono, na kila anayefunga ana mkono wake. Miraa ina aina zake: kilo ya giza si sawa na kilo ya kangeta, na zote mbili hazilingani na kifuko cha muguka. Miraa iliyokatwa leo alfajiri si sawa na iliyolala kibandani tangu juzi. Kwa hiyo mhudumu anayeandika kwenye fomu kwamba fulani "anakula kilo moja kwa siku" hajaandika chochote. Nasema hivi bila kumcheka mtu, maana nimejaza fomu za aina hiyo miaka na miaka.

Nimekuja kuamini kwamba swali lenye faida ni la saa. Anaanza saa ngapi, anamaliza saa ngapi, ametia nini tumboni kabla, anatumia nini baadaye ili usingizi uje, na usingizi wenyewe unakuja lini. Madhara mengi tunayokutana nayo yamejificha ndani ya majibu hayo matano.

Jani na saa yake

Kichangamshi kikuu cha miraa kinaitwa kathinoni. Kilitambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa, na kwa umbo ni jamaa wa karibu wa amfetamini. Kathinoni haikai. Mara tu kijiti kinapokatwa huanza kugeuka kuwa kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo, na baada ya siku mbili tatu mlaji anaona anatafuna kuni. Ndiyo maana vibunda hufungwa kwa majani ya mgomba yasiyokauka, na ndiyo maana magari yatokayo Maua, Meru, hukimbia kana kwamba yanafukuzwa. Biashara nzima imejengwa juu ya saa. Sisi tunaopima madhara ndio tuliosahau kuitazama.

Mwilini nako kuna saa. Mtu akitafuna, kiwango katika damu hufika kileleni baada ya muda wa saa mbili hivi. Mgeni wa jani hajui hilo. Nusu saa ikipita hajasikia stimu anaamua kwamba ameuziwa takataka, anaongeza, kisha anaongeza tena. Stimu inapomfikia inakuja na mzigo wote kwa pamoja: moyo unadunda, shinikizo la damu linapanda, mikono inatetemeka, maneno hayaishi. Mzee wa baraza hupita njia nyingine. Anachambua polepole, anahifadhi shavuni, anakunywa chai na maji. Watu hawa wawili huenda wamenunua fungu la bei moja.

Yemen, nchi ambayo huenda ndiyo inayotafuna kuliko nyingine zote, madaktari waliwachunguza wagonjwa waliofika hospitali kwa mshtuko wa moyo. Kwa kawaida, mahali pengi duniani, mshtuko huo huja zaidi asubuhi. Kwa watafunaji wa Yemen uliangukia zaidi kati ya saa nane mchana na saa sita usiku, yaani wakati wa kikao na baada yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu anayetuambia "hii ni mitishamba tu", sijui jibu fupi kuliko hilo.

Walaji si wa namna moja

Utafiti wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na matumizi ya pombe na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya 3.6 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 65, walikuwa wakitumia miraa wakati huo. Ukiwaweka wote hao kapu moja utatoa ushauri usiomfaa yeyote.

Kuna ulaji wa baraza: alasiri, watu wanaojuana, mazungumzo, na mwisho unaofahamika kwa sababu mke na watoto wanasubiri nyumbani. Una hasara zake, hasa za mfukoni, lakini huo hauninyimi usingizi.

Ulaji wa kazi ndio unaoniogopesha. Dereva wa lori anapakia bandarini, anapita Mariakani jua likitua, anaingia Mtito Andei usiku wa manane akiwa na kifuko mapajani. Jani linamwondolea hisia ya uchovu, lakini uchovu wenyewe haliuondoi. Deni la usingizi linabaki palepale na linaendelea kuhesabiwa. Alfajiri, kathinoni inaposhuka, macho yanaweza kuwa wazi huku akili imezima kwa sekunde tatu au nne. Kwa lori lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde nne ni takribani mita 90 bila dereva. Mlinzi wa usiku na bodaboda wa zamu mbili wamo katika hesabu hiyo hiyo.

Kisha kuna muguka. Unatoka upande wa Embu, ni majani laini badala ya vijiti, hutafunwa haraka kwa njugu au bazoka (ubani wa kutafuna), na bei yake inamfikia hata kijana asiye na kazi. Huyu hana kazi ya kumwita wala kikao cha kumfunga mdomo. Anaanza asubuhi kwa sababu asubuhi haina jambo jingine. Wenzetu waliofanya utafiti Hargeisa, Somalia, na kuchapisha mwaka 2005, waliona kwamba wagonjwa wa akili katika watafunaji walikuwa wameanza wakiwa wadogo zaidi na walikuwa wakitafuna kwa wingi zaidi kuliko wenzao wazima. Utafiti wa namna hiyo hautuambii kipi kilimleta mwenzake, lakini unatosha kutufanya tumtafute kwanza kijana wa miaka 15 kabla ya mzee wa miaka 60.

Na kuna ulaji wa Ramadhani, ambao sisi watu wa Pwani tunaujua na hatuuandiki. Mchana mtu amefunga. Baada ya tarawehe anakaa barazani hadi daku. Tende mbili na uji, kisha saa sita za jani juu ya tumbo karibu tupu, na vidonge vya presha vimesahauliwa kabatini. Mwezi huo ratiba yetu ya kuwatembelea watu nyumbani ingepaswa kuhamia usiku. Sijaona kituo cha afya kilichofanya hivyo.

Kushuka

Watu hutuuliza juu ya kupanda tu. Waethiopia wana neno hasa la kushuka: chebsi, pombe inayonywewa baada ya kutafuna ili kuivunja stimu. Kwetu wengine hunywa pombe, wengine humeza vidonge vya usingizi vya dukani, wengine huvuta bangi. Hapa ndipo mlaji wa jani moja anapogeuka mtumiaji wa vitu vitatu bila kujiita hivyo. Mtu akikwambia "mimi ni miraa tu", muulize: na usingizi unaupataje?

Na matibabu je? Kwa heroini tuna methadoni. Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, ilianza kuitoa mwaka 2011, na Kenya ikafuata miaka michache baadaye. Kwa vichangamshi hakuna dawa mbadala iliyoidhinishwa. Tulicho nacho ni mazungumzo, na mazungumzo yanataka vitu vya kushika. Ninavyowaambia walaji ni hivi.

Kula chakula kamili kabla, si njugu za kusindikizia. Osha majani, maana dawa ya wadudu haina stimu. Taja saa ya kumaliza kabla hujaanza, umwambie mwenzako, na iwe angalau saa sita kabla ya kulala. Kunywa maji, upunguze soda, hasa kama una sukari. Usichanganye na pombe wala vidonge. Pata siku mbili kamili kila wiki bila jani, upime kama unaweza. Ukiwa umekesha nalo, usishike usukani. Kama unatumia ampisilini au amoksilini, imeze angalau saa mbili baada ya kumaliza kutafuna, kwa sababu jani huzuia dawa hizo zisiingie vizuri mwilini. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo: kwao sina saa ya kuwapa, waache kabisa.

Anayetaka kuacha tumwambie ukweli pia. Siku za kwanza ni za uzito, usingizi mwingi, hasira na ndoto za kutisha. Mara nyingi hupita zenyewe. Wengi hurudi kibandani siku ya tatu kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ndoto zile ni dalili, na kwamba zina mwisho.

Sheria

Nitaigusa kwa ufupi. Tanzania miraa, au mirungi kama wasemavyo huko, ni dawa ya kulevya. Hapa kwetu Kenya ni zao linalotambuliwa na sheria. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014 ingawa baraza lake lenyewe la ushauri lilikuwa limependekeza isipigwe. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Serikali Kuu ikapinga na mahakama ikasimamisha amri hizo. Nawaelewa wazazi walioshangilia, namwelewa pia mkulima wa Mbeere, Embu, ambaye ada ya shule inatoka kwenye kichaka kile. Lakini katika mvutano ule sikumsikia mtu akiuliza yule kijana aliyekuwa akianza saa mbili asubuhi amepelekewa nini.

Wenye vibanda mna nafasi ambayo sisi hatuna. Mnamjua nani anakuja asubuhi, nani amekonda, nani amekuja na sare ya shule. Huyo wa mwisho msimuuzie. Hao wengine wawili, tupigieni simu.

Kwa wahudumu wenzangu ombi langu ni dogo na halina gharama. Kwenye fomu zetu tufute mstari unaouliza kiasi kwa kilo. Mahali pake tuweke mistari miwili: anaanza saa ngapi, analala saa ngapi. Tuanze na walaji tutakaowatembelea wiki hii.